Mkeka wa Ishirini

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na mikeka ishirini, masufuria manne na turubai moja. Kazi yao ilikuwa kufariji waliofiwa, na kazi hiyo waliijua. Msiba ulipotokea walifika kabla ya ndugu. Walichota maji, walipika, walilala chini pamoja na mfiwa. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Walifagia uwanja, wakahesabu mikeka na kuirudisha stoo. Tangu hapo hakuna aliyelitaja tena jina la marehemu mbele ya mfiwa, wasije wakatonesha kidonda. Waliita hiyo huruma.

Katika mtaa wao alikuwapo mjane, Chausiku, mwenye mwana mmoja, Maganga. Jioni moja wanyang'anyi walimpiga Maganga hadi kufa wakachukua baiskeli yake. Mfuko wa unga aliotoka kuusagisha waliuacha hapo hapo barabarani.

Kikundi kilikuja. Kwa siku tatu Chausiku alikaa katikati ya wanawake hamsini, na kila aliyefungua kinywa kulia aliambiwa ajikaze. Yeye alijikaza kuliko wote. Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi, alimsifu mbele ya watu kwa moyo wake mgumu. Siku ya tatu wakaanua, wakahesabu mikeka, wakapata kumi na tisa.

Basi maneno yakaanza. Kisimani walisema mfiwa ameiba. Wengine walisema uchungu umemharibu akili. Mwezi ukapita, na hakuna aliyekwenda kwake, maana nani angekwenda kumdai mtu aliyefiwa? Walimwogopa. Nasikitika kusema hivyo juu ya watu wema, lakini walimwogopa.

Siku ya arobaini ukatokea msiba mwingine, mkubwa, na mikeka haikutosha. Mama Kulwa akaenda. Alimkuta Chausiku uani, ameketi pembeni kabisa mwa mkeka ule, nafasi kubwa ameiacha wazi. Kando yake ulikuwa mfuko wa unga, haujafunguliwa.

Chausiku akasema, "Keti, Mama Kulwa. Mimi ndiye niliyemtuma mashineni jioni ile, yeye alitaka kwenda asubuhi, na tangu mlipoondoka natandika nikingoja mtu wa kumwambia."

Mama Kulwa moyo ulimwuma. Hilo nalishuhudia kwa ajili yake. Aliutazama mkeka, akautazama mfuko, na akakumbuka watu waliosimama juani katika msiba ule mwingine wakingoja pa kukalia. Akampa pole. Akamwambia kwamba Mungu atamtia nguvu, na kwamba yeye mwenyewe atapita siku nyingine. Chausiku aliinuka ili mkeka uweze kukunjwa, kisha akaketi tena palepale, chini, penye vumbi.

Msiba ule ulipokwisha, kikundi kilihesabu mikeka na kukuta yote ishirini. Wakapiga vigelegele. Mama Kulwa peke yake hakupiga, na kwa Chausiku hakupita.

Ninyi mnaofariji watu, stoo zenu nimeziona na zimepangwa vizuri. Nawauliza moja tu: mkeka umerudi, na yule aliyekuwa ameukalia mmemwacha wapi?