Darubini ya Fundi Tadeo

Mwenye mali mbovu hachoki kuzungumza. Mwenye mali safi humwachia mnunuzi aikague mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbuke aliisoma methali hii shuleni akiwa mtoto, lakini aliielewa siku aliyokwenda Mbeya kutafuta darubini.

Ilikuwa mwaka 1976. Mbuke na mumewe Budeba walikuwa wamehamia uwanda wa Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mara mbili ng'ombe hao waliingia katika mpunga wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Saulo, hakumung'unya maneno.

"Mara ya tatu mtahamisha zizi," alisema. "Na sitaki kusikia habari ya bahati mbaya."

Tatizo lilikuwa jua. Mpunga ulikuwa magharibi ya malisho. Jioni, saa ya kurudisha ng'ombe, aliyetazama upande ule alikutana na jua uso kwa uso. Alikinga kiganja, akakodoa macho, na alipokuja kutambua kitu, ng'ombe walikuwa wamezama katika mpunga hadi tumboni. Mbuke aliamua kununua darubini ndogo ya kuning'iniza shingoni. Akapanda lori pamoja na Nyanda, mdogo wa mumewe.

Hawajakung'uta vumbi la safari, mchuuzi mmoja aitwaye Jailos aliwadaka. Darubini yake ilimeremeta kama sufuria mpya, na vioo vyake vilimulika kama vioo vya kujitazamia.

"Karibu mama! Kwa hii, ukiwa hapa hapa, unaona mkweo wa Tukuyu anakula nini!"

Nyanda aliichukua akatazama mlimani, jua likiwa mgongoni mwake. "Shemeji! Namwona mama mmoja anaanika mahindi. Hata maua ya kanga yake nayaona!"

"Sasa geuka utazame upande wa jua," Mbuke alisema.

Jailos alimshika Nyanda bega upesi. "Huko hapana, mama. Huku ndiko kuzuri."

"Ng'ombe wangu hawajui kuzuri ni wapi," Mbuke alijibu, akaondoka.

Karibu na soko walimkuta fundi saa mmoja, mzee Tadeo. Rafuni, katikati ya saa zilizokufa, palikuwa na darubini ndogo nyeusi iliyobanduka rangi. Vioo vyake vilikuwa na weusi wa zambarau.

"Hiyo ina mtoto wa jicho," Nyanda alisema. Jailos, aliyekuwa amewafuata bila kualikwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, mbona vioo vyake havimeremeti?" Mbuke aliuliza.

Tadeo hakuinua kichwa. "Kioo kinachomeremeta kinaurudisha mwanga nje. Wa kwako ni ule unaoingia. Jua likishuka mkatazame wenyewe. Msilielekee lenyewe, litawaunguza macho. Tazameni pembeni yake." Akaendelea na saa yake.

Saa kumi na moja na nusu walisimama nyuma ya duka, penye uwazi. Upande wa magharibi, ng'ombe wa mnadani walikuwa wakiswagwa barabarani kuelekea Iyunga. Mbuke alitoa mtihani wa kifugaji: kila mmoja ataje rangi za ng'ombe, na asiondoe darubini machoni mpaka amalize kundi zima.

Nyanda alianza na ile ya Jailos. "Wa mbele ni... subiri. Ukungu umeingia."

"Ukungu gani, shemeji, na jua lote hili?"

Weupe ulikuwa umetanda ndani ya darubini kama maziwa yaliyomwagika. Akisogeza kichwa kidogo tu, kiza kilimfungia kama mlango. Kabla hajamtaja ng'ombe wa tatu, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Unamlilia nani?" Mbuke alimuuliza, akainua ile nyeusi. "Wa mbele mwekundu, pembe moja imevunjika. Anayefuata mweusi, ana baka jeupe tumboni. Yule wa nyuma kabisa anachechemea." Alilitaja kundi zima, macho makavu, hata paji la uso hakulikunja.

"Mama, nakuongezea mkoba wa ngozi!" Jailos alipiga kelele.

"Wa kuwekea machozi?"

Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, jua likiwa linazama, Mbuke alisimama kwenye kichuguu chake, darubini nyeusi machoni.

"Nyanda! Yule mweupe anawavuta kwenye mpunga! Kimbia!"

Nyanda alitoka kama mshale, akawageuza ng'ombe penye tuta la jaruba la kwanza la mpunga. Asubuhi Saulo alikuja na fimbo yake, akazikagua alama za kwato zilizoishia kwenye tuta. Hakuna shina lililoguswa. Jioni alirudi akaiazima darubini, akatazama magharibi mpaka akasahau kuaga.

"Hii mliuziwa na nani?" hatimaye aliuliza.

"Hatukuuziwa, mwenyekiti. Tulinunua."

Saulo alicheka, akaomba aelekezwe kwa fundi. Zizi likabaki pale pale, naye mwezi uliofuata akapanda lori kwenda Mbeya. Pale aliposhuka, Jailos alikuwa bado anazunguka na darubini ile ile inayomeremeta, sauti imemkauka. Saulo alimpita, akaenda moja kwa moja kwa fundi ambaye hakuwahi kumwita mtu. Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.