Kimya cha Darasa la Pili

Mtoto akinyamaza ghafla, nenda kamwangalie: ama anakula sukari, ama kashavunja kitu. Sasa nisikilizeni, maana hapa walinyamaza watoto themanini kwa pamoja.

Hilo ni Darasa la Pili lililowahi kumliza mwalimu mbele ya mkaguzi. Wakalichukua walimu watatu wa kujitolea. Nambua alijaliwa kukumbuka majina, Shemzigwa alijaliwa sauti, na Riziki alijaliwa subira, tena subira ya kuchosha wanaomtazama.

Kila asubuhi Nambua alisimama mlangoni, akampokea kila mtoto kwa jina lake na kumwonyesha pa kuweka mfuko. Hata siku ya mvua hakumruka mtu.

Kipindi kilipokwisha, Shemzigwa alianza wimbo, siku zote uleule. Mpaka unaisha, madaftari ya hesabu yamefungwa na ya kusoma yamefunguliwa.

Baada ya mapumziko watoto walirudi na jasho na ugomvi wao wa mpira. Riziki aliwanywesha maji, akawalaza vichwa mezani hadi pumzi zitulie, ndipo akafundisha.

Darasa likatulia, lakini Bi Nakijwa, mwalimu mkuu, hakukiamini kimya hicho. Alinusa ndoo ya maji, akatafuta fimbo nyuma ya kabati, akawauliza watoto kama wanatishwa. Wazazi nao walishaanza kunong'ona habari za dawa.

Mara ikaja nafasi ya ajira. Moja tu, na wawili warudi kwao. Tangu hapo hata chai hawakunywa pamoja, kila mmoja akimshuku mwenzake kujipendekeza ofisini.

Bi Nakijwa akawapima. Jumatatu alimpumzisha Nambua, darasa likaanza kwa vilio. Jumanne akampumzisha Shemzigwa, na kipindi cha pili kikaisha watu wanatafuta madaftari. Jumatano ikawa zamu ya Riziki, zikapigwa ngumi. Alhamisi walirudi wote watatu, na watoto wakatulia tuli.

Shemzigwa akasema, "Mkuu, waulize watoto nani aliwatuma kulia Jumatatu."

"Na wewe Jumanne uliwatuma nini?" Nambua akamjibu.

Riziki akawamiminia maji wote wawili, na hilo ndilo lililomtia Bi Nakijwa shaka zaidi.

Barua ya ajira inaondoka leo saa nane na ina nafasi ya jina moja. Mimi langu ninalo, lakini silitaji, mtasema nimehongwa. Haya, ninyi: mngemwandika nani, na kesho mngewaambia nini watoto wale?