Vyeti Tisa vya Kiboko

Haya, nyie mliojibanza huko nyuma, sogeeni. Nikisema "Nafungua mdomo", mjibu "Fungua tusikie". Msinung'unike. Jibuni kama mlioshiba.

Nafungua mdomo!

Fungua tusikie!

Naufungua una kiboko ndani!

Mteme tumwone!

Ninamtema. Puu! Huyo hapo, mnene, amevaa koti jeupe ambalo vifungo vyake havijawahi kukutana na matundu yake. Alikuwa mganga mfawidhi wa zahanati ya wanyama, kule Bonde la Mkangaga. Mganga mfawidhi, kwa asiyejua, ndiye mkuu wa zahanati, naye ndiye anayeshika funguo. Kiboko alizishika kwelikweli. Ya stoo, ya dirisha la dawa, hata ya choo cha wafanyakazi, zote zilining'inia shingoni mwake, naye alilala nazo.

Chini yake walikuwako watatu. Kanga alikuwa mkunga. Kobe aligawa dawa. Na Sange alikuwa mhudumu wa afya wa vijijini, mnyama mdogo anayeenea kiganjani, mwenye pua ndefu isiyojua kutulia.

Mwaka ule Swala alikuja kujifungua, na mtoto wake akatoka hapumui. Kanga akamtazama Kobe. Kobe akamtazama Sange. Sange akaitazama mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyejua la kufanya, na mtoto akafia mikononi mwao. Tangu siku hiyo, Sange akimwona Swala kwa mbali, huacha njia na kupita vichakani kwa haya.

Miezi ikapita. Siku moja likaja sanduku kutoka makao makuu ya afya. Ndani mlikuwa na vishikwambi vitatu, vile vibao vya kioo vya kusomea, pamoja na mtambo mdogo wa jua wa kuvichaji. Mlikuwa na mwanasesere wa mpira wa kufanyia mazoezi, na mfuko wa kupulizia hewa watoto wasiopumua. Barua ilisema: "Masomo ni tisa. Wafanyakazi wote wasome."

Kiboko akaisoma barua, akaikunja, akalibeba sanduku zima mpaka kabatini, nailoni zake hazijabanduliwa. Akafunga. Kacha!

Kanga akaenda.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kishikwambi, nikasome."

"Kitaharibika. Rudi kazini." Akalijaribu kufuli. Kacha!

Kobe akaenda, polepole, akafika jioni.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kishikwambi, nikasome."

"Kitaharibika. Rudi kazini." Kacha!

Asubuhi yake akaenda Sange.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe nakujua. Kitaharibika."

"Sikuja kuomba kishikwambi, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya Kifaru, mganga mfawidhi wa ng'ambo ya mto. Jana nilipita kwake. Ukutani ana vyeti vitatu, mzee! Vina muhuri wa dhahabu, vina jina lake kwa herufi kubwa. Wagonjwa wanavitazama mpaka wanasahau walipokuwa wanaumwa. Nikajisemea, mkuu wetu mwili wote ule, na ukuta wake mtupu!"

Kiboko akageuza shingo akautazama ukuta wake. Kweli, ulikuwa mtupu. Palikuwa na mjusi tu.

"Kavitoa wapi?"

"Kwenye kishikwambi. Ukimaliza somo moja, unapata cheti kimoja."

"Na masomo ni mangapi?"

"Tisa."

Midomo ya Kiboko ikahesabu peke yake. Tisa! Mara tatu ya Kifaru! Funguo zikalia shingoni, kabati likafunguka, nailoni ikapasuliwa, chwaaa!

Kiboko akaandika jina lake, halafu akabonyeza. Lakini ukucha mmoja wa Kiboko ulifunika kioo kizima. Akabonyeza ndiyo, akabonyeza hapana, akabonyeza rudi nyuma, vyote kwa mara moja. Kishikwambi kikalia: tii-tii-tii! Jaribu tena. Akajaribu tena. Tii-tii-tii! Akajaribu kwa kidevu. Ni afadhali nisiwaambie kilichotokea.

"Mzee," akasema Sange, "vidole kama hivyo ni vya kusaini. Kubonyeza ni kazi ya sisi wadogo. Jina lako limeshaandikwa, sisi tutakubonyezea."

"Na cheti?"

"Chako."

"Chote?"

"Chote, mpaka muhuri."

"Basi bonyeza wewe peke yako. Hao wengine sitaki wakiguse."

Pua ya Sange ikatikisika. "Ningependa, mzee, ila kifaa hiki kinakataa kidole kile kile mara mbili mfululizo. Kinataka vidole vitatu, kwa zamu. Tena kinatutazama. Tusipoangalia video mpaka mwisho, kinafuta jina lako. Na mwanasesere lazima awepo, tumfanyie yote tunayoonyeshwa, kwa sababu kinapiga picha."

Nyie, maneno yale yote Sange aliyaokota hewani palepale. Kiboko angefungua hata ukurasa wa maelekezo angemkamata. Hakufungua.

"Haya," akasema. "Cheti kikitoka mniamshe."

Akaenda zake topeni. Chubwi!

Wale watatu wakakaa chini. Wakatazama, wakabonyeza, wakamfanyia mwanasesere. Cheti cha kwanza kikaja kutoka makao makuu. Kiboko akaamka, akakitundika, akakisifu, akarudi topeni. Chubwi!

Wakatazama, wakabonyeza, wakamfanyia mwanasesere. Cheti cha pili. Kiboko akatundika, akarudi topeni. Chubwi!

Wakikosea swali, wanarudia somo. Kanga alimkausha mwanasesere na kumsugua mgongo mpaka mpira ukaanza kuchubuka. Kobe, ambaye mikono yake haina nguvu ya kuminya mfuko wa hewa, aligundua kwamba akiukalia unapuliza vizuri zaidi. Na Sange alikishika kinyago cha ule mfuko, kile kinachofunika pua na mdomo, akahesabu.

Siku ya cheti cha tano Kiboko alijikwamua topeni kabla ya kuitwa. Alisikia kicheko chao, akataka kujua wanacheka nini. Akasimama mlangoni. Akamwona Kobe amekaa juu ya mfuko, akatamani kuuliza: huo mfuko wa nini? Swali likamfika kwenye ulimi. Lakini mwenye vyeti vitano anaulizaje kitu kama hicho mbele ya watu wasio na hata kimoja? Akaona haya. Akajifanya amekuja kukagua madirisha, akagusa dirisha moja, akagusa la pili, akarudi zake. Chubwi. Siku ile usingizi haukuja upesi.

Hatimaye vikatimia tisa. Ukuta ukang'aa. Mjusi alihama. Habari zikaenea mtoni juu na mtoni chini kwamba Mkangaga kuna bingwa, zikafika hadi kwa Siwatu.

Siwatu alikuwa binti yake Kiboko, ameolewa mbali, siku tatu za kutembea. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na siku za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Mama mkwe wake alimwambia, "Nenda kwa Kifaru, utamfikia kabla ya kuvuka mto." Siwatu akasema, "Nimpite baba yangu mwenye vyeti tisa, niende kwa mwenye vitatu?" Akapita mlango wa Kifaru uko wazi. Akafika Mkangaga saa sita mchana, uchungu umekwisha kuanza, na ukoo mzima wa viboko nyuma yake, mashangazi wamebeba vitenge, wanaimba.

Kiboko alifurahi! Akavaa koti. Akamlaza mwanawe chini ya ukuta ule, ili kila anayechungulia dirishani avione vyeti vizuri. Akawaambia Kanga, Kobe na Sange, "Nyie kaeni karibu, mkihitajika nitawaita."

Mtoto akatoka. Pwaa! Kimya.

Nje nyimbo zikaendelea kidogo, halafu zikakatika.

"Baba," akasema Siwatu, "mbona halii?"

"Subiri, mwanangu."

"Baba, mbona halii?"

Kiboko akakohoa. Akaishika ile shingo ndogo, akaiachia. Alimwinua mtoto mguu mmoja, akaushusha. Shangazi mmoja dirishani akasema, "Mwacheni mwenye vyeti afanye kazi yake."

Sitawaficha, hapo aibu ilimshika Kiboko. Vyeti vyote tisa vilikuwa juu ya kichwa chake, vina jina lake, na hakuna hata kimoja ambacho alijua kilichomo. Tope lote alilolalia lilimrudia. Alijua kwamba siku fulani, somo fulani, jambo hili hili lilifundishwa chumbani humo, naye alikuwa hatua ishirini kutoka pale, anakoroma.

"Baba!"

"Sijui," akasema Kiboko. Kwanza neno lilitoka dogo. Halafu akapiga kelele. "Sijui mimi! Sange!"

Sange hakungoja kuitwa. Alikuwa ameshapanda kitandani tangu kikohozi cha kwanza. Kanga alikuwa na nguo mkononi, anakausha, anasugua mgongo, sugua, sugua. Kobe alikuwa anaukalia mfuko.

"Mzee, shika kichwa," akasema Sange.

Kiboko akashika, akakiinamisha kifuani.

"Samahani, mzee, si hivyo." Kanga akauondoa mkono wake polepole, kwa adabu kabisa, na adabu ile ilimuuma kuliko tusi. "Hivi. Pua itazame juu. Basi, tulia hapo."

Akatulia hapo. Mikono mikubwa vile, kazi yake ikawa kutulia.

"Minya," akahesabu Sange, "achia, achia. Minya, achia, achia."

Kobe akakaa, akanyanyuka. Fyuu. Kifua cha mtoto kikapanda kidogo.

"Minya, achia, achia."

Fyuu. Fyuu. Kiboko alikuwa anaomba bila sauti, wala hakuomba cheti.

Mtoto akakunja pua. Akapiga chafya. Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kibaya, kikali, kikapasua paa la zahanati. Siwatu akalia naye. Kanga akageukia ukutani akajifuta macho. Sange akakaa chini pale pale kitandani, akalitaja jina la Swala, akijisemea.

Kiboko akatoka nje. Ukoo wote ukamzunguka, vigelegele, makofi.

"Sikilizeni," akasema. "Si mimi. Mimi sikusoma hata somo moja. Wamesoma hawa watatu kwa jina langu. Mimi nilikuwa topeni nimelala."

Shangazi mkubwa akaweka mkono kifuani.

"Mmemsikia? Vyeti tisa, na bado anajishusha! Anawasifia watu wake wa chini! Mkubwa ndiye huyu!"

"Shangazi, hapana, ni kweli nilikuwa nime..."

"Unyenyekevu ulioje!"

Vigelegele vikazidi. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu, mpaka mmoja akaja na shada la magugu akamvalisha shingoni, juu ya zile funguo. Kiboko akatamani ardhi ipasuke. Ukisifiwa kwa uongo wako unaweza kucheka nao. Lakini yeye alisema ukweli, nao wakamsifu, na hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka.

Akarudi ndani amelivaa shada lile. Siwatu hakuwa amepiga kigelegele. Alikuwa amemlaza mwanawe ubavuni, anamtazama baba yake.

"Baba," akasema, "kwa Kifaru nilipita mlango uko wazi."

Kiboko akalishika shada shingoni.

"Wao walikuwa dirishani. Mimi nilikuwa hapa. Nilikuona."

  Kiboko akalivua shada, akaliweka chini. Akavua funguo, zote, ya stoo, ya kabati, hata ya choo, akaziweka mbele ya Sange. Na zile funguo zilikuwa nzito kuliko Sange mwenyewe.

"Sange, nifundishe."

"Lakini mzee, una cheti cha hilo somo."

"Sange, tafadhali."

Neno hilo halikuwa limewahi kutoka kwenye mdomo ule. Pua ya Sange ikatulia.

"Somo la kwanza linaanzia wapi?" akauliza Kiboko.

"Kunawa mikono, mzee."

Kiboko akaenda bombani. Akanawa, akatia sabuni, akanawa tena. Alisimama pale muda mrefu, amewapa mgongo, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Nafunga mdomo!

Funga tupumzike!

Naufunga, nanyi fungueni masikio, maana funzo halijatoka. Mimi nimelitafakari sana, nikaona ni hili. Mkuu anayetaka watumishi wake wajue kazi, asisome hata mstari mmoja. Avifungie vifaa kabatini, atake vyeti vyote viwe vyake, halafu akalale topeni. Watumishi wataelimika wenyewe, mmeona. Na ukiingia mahali ukakuta ukuta umejaa vyeti, usiulize kitu, piga kigelegele.

Na yule aliyeinamisha kichwa kule nyuma, mimi sikumtaja mtu. Nimesema kiboko.