Mwasumini wa Zimwi

Haya, sogeeni mkekani, na aliye na karanga agawe, kwani hadithi ya leo ni ya kugawa.

Palikuwa na zimwi lililoishi ndani ya mwasumini. Kichaka kilinenepa hata kikaacha kuchanua, na mabibi harusi wa mji wakawa wanaolewa bila asumini nyweleni. Akaja mtu na panga, zimwi likammeza. Akaja wa pili na moto, likammeza. Akaja Bi Zuwena, mpanda maua, na jembe na ndoo ya maji, akapiga hodi.

"Nyumba yako imejibana, bwana. Niigawe?"

"Kichaka kisipochanua, nitakumeza," likajibu zimwi.

Mwanamke yule alikuwa na mikono, jamani. Alichimba mbali na shina, akaking'oa kichaka na udongo wake, akakigawa vipande vitatu, kila kimoja na mizizi yake. Alipokwisha kuvipanda akapunguza majani karibu yote, kwani mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kunywesha majani mengi. Zimwi kuona vijiti vitupu, likaachama limmeze.

"Ngoja mvua," alisema Bi Zuwena, akaketi papo hapo akimwagilia.

Mvua ikaja, vijiti vikachipua, vikachanua vyeupe pe. Zimwi likanusa, likapiga chafya, na wale wawili wakatoka wazima.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Bi Zuwena akasikia hodi. Zimwi lilisimama mlangoni, limeinamisha kichwa, jembe begani.

"Mama," likasema, "kimenenepa tena. Nifundishe."

Na mkononi lilishika ndoo, imejaa maji.