Zimwi Lililopewa Zamu ya Maji

Haya, hadithi inashuka mlimani! Semeni: na ishuke, tuipokee!

Hapo kale, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na bwawa moja dogo, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji shambani. Mwaka wa ukame likaja zimwi, likajilaza ukingoni, likawa linabugia maji gubu, gubu, gubu! Watu wakalirushia mawe, likacheka. Wakalipigia ngoma, likacheza. Wakaliletea mbuzi, likamla na kamba yake.

Zamu ya mama mmoja, Nakunda, ilipofika, maharage yake yalikuwa yananyauka. Akalisogelea na jembe mkononi.

"Karibu, jirani," akasema. "Kwetu, anayekunywa hapa huzoa tope. Au jembe huliwezi?"

"Mimi? Nisiweze?"

Zimwi likanyakua jembe, likaruka bwawani. Likazoa, likazoa, likazoa, mpaka shimo likaweza kuzamisha mgomba mzima. Mvua iliponyesha, bwawa likajaa kuliko zamani zote. Zimwi nalo likapewa zamu yake, kama jirani yeyote.

Asubuhi moja Nakunda alinyemelea bwawa ili afungulie maji kabla ya zamu yake. Mkono wa manyoya ukamgusa begani.

"Mama Nakunda," zimwi likauliza kwa upole, "leo ni zamu ya nani?"



Zimwi likamkabidhi jembe lilelile.

Hadithi imerudi kwao mlimani, na koo langu limekauka. Nani ana zamu ya kunipa maji?