Njuga ya Mwana Khazija

Inasimuliwa kwamba siku ya Alhamisi, mwezi nane Shaabani, saa nne ya asubuhi, Sheikh Shaibu alibisha hodi kwa mjane Mwana Khazija. Wengine husema ilikuwa baada ya adhuhuri, lakini jua lilikuwa bado halijavuka paa, na adhana ilikuwa haijasomwa.

Sheikh alikuja kwa malalamiko. Katika mji ule wa kale, mwanamke mwenye staha hakutembea na mlio wa mapambo, sembuse mjane. Naye Mwana Khazija alikuwa amejifunga njuga mguuni, mchana kutwa, ndani na kisimani.

Jirani yake, Bi Rehani, alikuwa amemwambia mbele ya wanawake, "Shoga, nilidhani mbuzi wa Mwinyi amekata kamba, kumbe ni wewe! Unamwita mume gani?"

Mwana Khazija alijaza mtungi wake akaondoka. Alikuwa akisitiri jambo. Bintiye Jokha, aliyetimiza miaka mitatu, alikuwa haoni ila kilicho karibu na pua yake, na miguu yake ilikuwa bado haijapata nguvu ya kumsimamisha. Mama alichelea kwamba watu wakijua, jina la mtoto lingepotea, aitwe kwa ugonjwa wake.

Sheikh alipokaribishwa ukumbini alisema, "Mwanangu, watu wamesema mengi, nami nimekuja kusikia kwako. Njuga hii ya nini?"

Mama aliitazama njuga. Angeweza kuivua, na maneno yangekwisha siku ile ile. Lakini mtoto naye angerudi kukaa pale anapowekwa, kama zamani, uso umeelekea ukuta.

Akasema, "Sheikh wangu, si pambo. Ni njia ya mwanangu. Haoni, na miguu haijamkubali. Akiisikia, hunifuata kwa kutambaa."

"Mbona humwiti kwa ulimi?"

"Sauti humwambia nilipo. Njuga humwambia niendako."

Sheikh akamtazama mtoto mkekani. Kisha akasema kwa upole, "Hebu ivue kidogo."

Akaivua, akasogea bila mlio. Jokha, aliyekuwa akitambaa juu ya mkeka kumwelekea mamaye, akasita. Akageuza kichwa huku na huku, kisha akaketi, akaufyonza ukingo wa nguo yake.

"Nipe," akasema Sheikh.

Mzee yule, aliyeogopwa na wanafunzi wa mji mzima, akainama kwa taabu, akaifunga njuga kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe. Akaenda mwisho wa ukumbi, akakanyaga chini taratibu.

Bi Rehani, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alishindwa kujizuia. "Subhanallah! Sheikh na njuga!"

"Cheka, Bi Rehani," akajibu, "lakini usimshtue mtoto."

Kisha akasema, wote wakisikia, "Mlio huu usivuliwe. Mwanamume atakayeusikia na ainamishe macho yake, amwombee mtoto dua. Nanyi mwiteni Jokha, kwani ndilo jina lake."

Basi, enyi ndugu, tuchelee kuwahukumu wazazi kwa tusichokijua. Na aliyepewa mtoto wa mwendo wa polepole, asione haya kusema kweli juu yake, kwani amana ya Mola haina aibu.

Wako wasemao kwamba siku ile macho ya Jokha yalifunguka, akainuka akakimbia. Hayakuwa hayo. Mola ni Muweza, nasi haitupasi kumzulia. Mtoto alitambaa, akachoka, akakaa, akachezea uzi wa mkeka, akatambaa tena. Alipofika alishika kanzu ya Sheikh kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama, magoti yakitetemeka. Husemwa pia kwamba Sheikh alilia. Hakulia. Alikuwa amezuia pumzi, hakuthubutu kusogeza mguu, hadi mtoto mwenyewe alipotaka kukaa.