Mwalimu Mihambo na Vyumba Vyake Sita

Nyumba isiyo na moshi huliwa na mchwa. Mmemsikia Mama Sitti akimrushia maneno hayo yule dalali anayechagua wapangaji kama mtu anayechagua mchumba, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mmeuliza pa kuuliza. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa mtaani kwetu, nyuma ya stesheni, na nyumba yenyewe niliipiga lipu kwa mikono yangu hii. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Mwalimu Mihambo alistaafu akiwa mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake. Wenzake waliopata mafao walinunua ng'ombe, na mmoja aliongeza mke. Yeye alisema, "Ng'ombe hufa, nyumba haifi." Akajenga vyumba sita vya kupangisha, ua katikati na jiko la nje pembeni. Hakubakiza akiba yoyote. Vyumba hivyo ndivyo vingemlisha yeye na mkewe, Bi Kalunde, uzeeni.

Nyumba ilipokamilika ilipendeza, sisemi kwa kujisifu. Ilikuwa nyeupe pe! Balaa ni kwamba Mwalimu aliipenda nyumba kuliko wapangaji. Akabandika karatasi mlangoni: mkaa marufuku, kuni marufuku, watoto marufuku, kuku marufuku, kupigilia misumari ukutani marufuku. Kila aliyekuja kuulizia chumba alihojiwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Wa kwanza kuja alikuwa Nyamizi, mjane mwenye watoto watatu, aliyekuwa akikaanga na kuuza maandazi. Alikuwa amepanga kibanda cha udongo ng'ambo ya njia, naye alitaka vyumba viwili. Mwalimu akaitazama mikono yake yenye masizi, kisha akautazama ukuta wake.

"Mama, hapa nawangoja watumishi wa serikali," akamwambia.

Nyamizi akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Watumishi hawakuja. Mji wetu huu hata daktari anapikia mkaa, sasa nani angekubali kula vya baridi kwa ajili ya rangi ya ukuta? Mwezi ukapita, masika yakapita, mwaka ukageuka. Mwalimu alipiga kufuli milango yote sita, na kila Jumapili alipita nje kuuangalia ukuta wake, akaridhika. Ndani hakuingia. Bi Kalunde alikwishauza cherehani yake, kisha kitenge chake kizuri. Siku moja akamuuliza mbele yangu, "Mume wangu, sasa tutakula rangi?"

Hapo Mwalimu akakubali kuuza. Mnunuzi akapatikana, nami nikaitwa nikaze bawaba kabla ya kumwonyesha. Nilifungua kufuli la kwanza, mlango ukaniangukia pamoja na fremu yake. Nikachoma bisibisi kwenye mbao za dari, ikazama kama kwenye ugali. Mbao zilikuwa zimebaki rangi tu, ndani ni udongo mtupu. Vyumba vyote sita vilikuwa hivyo. Mnunuzi akapita na kuona, akasema sasa atalipa bei ya kiwanja tu, na akampa Mwalimu siku saba za kufikiri.

Mwalimu akaketi chini, suruali yake ya pasi kwenye vumbi. "Fundi, uliniletea mbao mbovu," akasema.

Neno hilo lilinichoma, maana mbao nilizichagua mwenyewe, moja moja. Nikamshika mkono nikamvusha njia mpaka kwenye kibanda cha Nyamizi, nikampa bisibisi.

"Choma nguzo hiyo. Ina miaka zaidi ya ishirini."

Akachoma. Nguzo ilikuwa nyeusi tii kwa masizi, na bisibisi ikagoma.

Nyamizi alikuwa akigeuza maandazi, wateja wamemzunguka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama, mchwa wa hapa unawapa dawa gani?"

"Dawa ya nini? Nafagia kuta kila asubuhi. Wakianza kujenga kinjia chao ukutani nakibomoa kingali kibichi. Watoto wanapita, moto unawaka, hawapati nafasi. Wewe uliwafungia mlango wakala kwa raha zao. Nyumba isiyo na moshi huliwa na mchwa, Mwalimu."

Wateja wakatazamana. Mwalimu akanirudishia bisibisi, akauliza polepole, "Vile vyumba viwili, ungali unavitaka?"

Nyamizi akaepua karai. Sasa zamu ya kuhoji ilikuwa yake.

"Naja na jiko langu."

"Njoo nalo."

"Na wanangu wote watatu."

"Waje."

"Na kuku?"

Mwalimu akageuka kuutazama ukuta wake ng'ambo ya njia. "Na kuku."

"Ukuta ukichafuka?"

"Nitaupaka upya. Wewe njoo, mama. Nakuomba."

Kwa kodi aliyoitanguliza Nyamizi tulinunua mbao, nikatengeneza vyumba viwili, akahamia siku ya nne. Siku ya tano harufu ya maandazi ilikuwa imemleta kinyozi kuulizia chumba cha tatu. Siku ya sita akaja fundi cherehani na mkewe na pacha wao. Hakuna aliyehojiwa. Karatasi ya marufuku Mwalimu aliwashia moto.

Siku ya saba mnunuzi akarudi. Alimkuta Mwalimu amechuchumaa jikoni uani, macho mekundu kwa moshi, andazi mkononi. Kwenye ukuta mweupe palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, nyeusi, vidole vyote vitano.

"Ah, Mwalimu! Mmeichafua hivi? Hata ile bei ya kiwanja sitoi tena."

Mwalimu akakohoa, akapangusa machozi, akasogea kumpisha mgeni kwenye kigoda.

"Bei yako baki nayo, ndugu yangu. Kaa ule andazi, kisha uende salama. Nyumba isiyo na moshi huliwa na mchwa."